Simba Waliokula Mahindi Yetu

Ti.

Punje moja ya mahindi iligonga kitako cha kopo, na kwa kuwa kopo lilikuwa tupu, sauti ilizunguka ndani yake kidogo kabla ya kufa. Dirisha lilikuwa bado jeusi. Nilikuwa nimejifunika blanketi mpaka puani, maana asubuhi za kipupwe kwetu Ufipa baridi huingia hata kwenye meno, na sikuona kitu. Sikuona kopo, wala mkono uliodondosha punje, wala uso wa mama upande wa pili wa pazia, sebuleni, alikokuwa ameketi. Nilisikia pumzi yake, na baada ya pumzi, kimya cha mtu anayetega sikio.

Kengele ndogo ikalia uani, jikoni, ambako baba alikuwa ameshaamka kuwasha moto.

Ti, tena.

"Mama, unafanya nini?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini gizani?"

"Kwangu mimi giza ni saa zote, mwanangu. Na ninachohesabu ndicho nataka uniambie wewe uliyesoma."

Kengele ile niliiweka mimi. Mahindi yalipoanza kununuliwa mwaka ule, malipo yaliingia kwenye simu ya baba, na mama alilalamika kwamba zamani pesa ya mahindi ilikuwa na harufu, ilikuja imekunjwa, unaishika unajua umevuna. Basi nikachagua mlio wa peke yake kwa ujumbe wote wa pesa, mlio wa kengele, ili hata yeye asiyeweza kusoma kioo asikie jasho lake likirudi. Kwa wiki kadhaa kengele ilikuwa furaha ya nyumba. Ikilia, mama alitabasamu kuelekea upande ilikotoka.

Halafu mahindi yakaisha. Yalibaki ya kula tu, na kidogo ya mbegu. Lakini kengele haikunyamaza. Ililia asubuhi, ikalia jioni, ikalia baba akiwa bafuni, ikalia mfukoni mwake tukiwa tunarudi kanisani. Mama akatafuta kopo la maziwa ya unga, akachambua punje nyekundu za mbegu ambazo vidole vyake vilizijua kwa ukubwa, na akaanza kuzidondosha, moja kwa kila mlio.

"Mahindi yamekwisha," aliniambia asubuhi ile. "Kengele inalilia nini?"

Niseme wazi kilichokuwa kinaingoja pesa ile. Jicho la kulia la mama lilikuwa limekwisha kufa. La kushoto lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: akikutazama usoni haoni mikono yako, akitazama mlango haoni kizingiti. Daktari wa mkoa alisema ni presha ya macho, na akasema neno ambalo mama alilirudia njia nzima hadi nyumbani Milanzi: kilichopotea hakirudi. Mbeya wangeweza kumpasua ili kulinda kilichobaki, nacho kilikuwa kidogo, na kilikuwa kinapungua. Alipewa siku ya kwenda. Tukakubaliana sote watatu, tukiwa tumesimama shambani, kwamba shamba la mlimani lote ni la jicho. Mama alilima shamba lile mwenyewe, akifukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo kama alivyofundishwa akiwa binti, akipapasa tuta hadi tuta, na kila alipomaliza moja aliligonga kwa kiganja kama anavyogongwa ng'ombe mzuri.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kumalizia kuandika kitabu. Nikakiacha.

Nilimkuta baba nyuma ya ghala, mahali jua linapofika mapema, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Hakuificha. Hilo ndilo lililoniumiza baadaye, kwamba hakuificha. Alisogea kidogo anipishe nikae, kama anavyosogea kanisani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Njoo, njoo uone. Leo kuna mpambano."

Kwenye kioo kulikuwa na wanawake wawili, kila mmoja kwenye nusu yake, wakishindania zawadi za watazamaji. Wa upande wetu alikuwa amekaa mbele ya pazia la zambarau, mji gani sijui. Sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto wa mwingine. Maneno ya watazamaji yalipanda kutoka chini ya kioo, mengi, yakipotea kabla hujayasoma.

"Wapendwa, ameingia! Mnamwona? Chifu wetu ameingia. Chifu wa Sumbawanga, leo umekuja kwa ungo au kwa bando?"

Baba akacheka. Alicheka kwa kifua kizima, kicheko nilichokuwa nimekisahau.

"Anakutukana, baba."

"Utani. Wanatutania kwa uchawi tangu enzi za babu yako, tumekufa? Mwache atanie." Akaandika kwa kidole kimoja, polepole: kwa bando. Yule mwanamke akalisoma kwa sauti, akapiga makofi. "Mmesikia? Chifu ana majibu. Chifu, wenzetu wanatupita. Utaacha wanao tufe?"

Kidole cha baba kikashuka. Simba akatokea upande mmoja wa kioo, wa dhahabu, akanguruma, akakimbia mpaka upande wa pili na kutoweka. Muda wote huo usingeweza kumeza funda moja la chai. Mwanamke akaweka mikono kifuani. Simu ikalia kengele: pesa ilikuwa imetoka.

Kutoka ndani ya nyumba, kupitia ukuta wa matofali, nilisikia: ti.

Sijui kama baba alisikia. Nadhani alisikia.

"Huyo simba ni shilingi ngapi, baba?"

"Hauzwi kwa shilingi. Unalipa sarafu, za humu humu."

"Na sarafu unazinunua kwa nini?"

Akaitazama chupa ya chai. "Kwa shilingi," alisema.

Alinipa simu nilipomwomba. Alikuwa amefuta ujumbe wa pesa, si kwa hila, alisema, ila kwa sababu ulijaza nafasi. Lakini aplikesheni yenyewe inatunza kumbukumbu ya kila ulichonunua. Iko ndani sana, unapita milango minne kuifikia, kama vile waliotengeneza walitaka iwepo lakini isitembelewe. Nilishuka nayo kwa kidole. Ilishuka na kushuka. Nikaingia ndani kumweleza mama, nikaanza kwa shilingi, naye akanikatiza.

"Hizo za kwenye kioo sizijui. Niambie kwa mahindi."

Nikakaa mkekani kugeuza pesa kuwa mahindi. Ua la waridi ni kikombe. Kofia ya kuchekesha, ile inayoangukia kichwani kwa mtangazaji, ni kisado. Gari ni debe na zaidi. Simba ni gunia zima, na ukilifunga gunia lile bado unadaiwa kisado juu yake. Nilimsomea waridi, kofia, magari. Alikuwa na kopo mapajani, na kwa kila simba alitikisa kichwa mara moja, kama mtu anayesikia majina ya waliofariki kabla ya misa.

"Shamba la mlimani," alisema mwishowe.

"Limeliwa, mama."

"Lote?"

"Wamebakiza ukingo."

Hakulia wala hakugomba. Aliuliza simba alikuwa na sura gani. Nikamwambia ni wa dhahabu. Akauliza amekaa muda gani. Nikanywa chai kidogo, nikameza, nikamwambia: muda huo.

Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amesikia.

"Sijala mimi," alisema. "Msinitazame kama nimekula. Sikunywa, sikuongeza mke. Nimeweka kwa watu."

Mama akageuza uso kumtafuta. "Umeweka kwa watu gani, baba watoto?"

"Watu. Wako wengi mle, mke wangu. Siku nyingine wanajaa kuliko misa ya Pasaka. Wananijua. Nikichelewa wanauliza, Chifu yuko wapi, anaumwa? Hapa Milanzi nani huuliza?"

Ndipo nilipomwelewa, na kumwelewa kulikuwa kubaya kuliko hasira. Baba alikulia kwenye kazi ya pombe. Mtu akiwa na shamba kubwa, mkewe anapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja na majembe, wanalima wakiimba, wanakunywa, wanakwenda. Hakuna anayeandika. Hakuna haja, kwa sababu kila mgongo unakumbuka. Leo umelima kwangu, kesho nitalima kwako, na asiyekuja kwa wenzake siku yake ikifika atalima na kivuli chake. Baba hakukosa kazi ya mtu hata mara moja. Alikuwa anatangulia, anashika mstari wa pembeni ulio mgumu. Lakini majirani wale, wengine walikufa, wengine walihamia kwa watoto wao, na walioko sasa wanakodi trekta au vibarua, wanalipa, kwaheri. Migongo iliyokuwa na deni lake ilikuwa imelala makaburini. Kisha akapewa simu, na ndani ya simu akakuta umati unaoitana kwa majina, unaosaidiana kwa kelele, unaosema tuokoe, Chifu. Akatangulia. Akashika mstari wa pembeni.

"Siku yetu imefika," alisema. "Nitawaambia. Jumamosi wanajaa sana. Kila mmoja akirudisha waridi moja tu, mama yenu anafika Mbeya na kurudi, na hela ya sukari inabaki."

"Baba, kule watu hawarudishi."

"Wewe umekaa mjini sana," akanijibu, bila ukali.

Jumamosi alinyoa ndevu. Alivaa koti lake la ndoa za watu, akampangusa vumbi mama begani, akamwambia akae kwenye kiti cha nyuma aonekane, kwa sababu yule mwanamke alikuwa amekubali kumpandisha, yaani uso wa baba utokee kwenye kioo cha watu wote. Niliegemeza simu kwenye chupa ya chai, sebuleni, mchana, mlango ukiwa wazi ili mwanga uingie. Mama alikuwa ametoa punje zote kwenye kopo, akazimwaga kwenye ungo, akaliweka kopo tupu mapajani.

"Za kutoka nimezimaliza," alisema. "Leo nahesabu za kuingia."

Hakusema kwa kejeli. Niliutafuta ule ukali wake mdogo ninaoujua, sikuuona. Alikuwa ameanza kuamini, na vidole vyake vilikuwa vimeshika punje ya kwanza.

Uso wa baba ukatokea, mdogo, kwenye kona. Yule mwanamke akapiga kelele ya furaha.

"Wapendwa, huyu ndiye! Chifu mwenyewe! Jamani, koti hilo! Chifu, sema na wanao."

Baba akasimama, na aliposimama kichwa kikatoka kwenye kioo, vikabaki vifungo vya koti. Nikamvuta akakaa. Akakohoa.

"Habari zenu. Mimi naitwa Chifu humu, lakini ni mkulima tu. Nimekuwa nanyi tangu mavuno. Huyu nyuma yangu ni mke wangu. Jicho moja limekufa, na la pili linakwenda. Tunatakiwa Mbeya, wiki mbili zijazo. Pesa ya Mbeya ndiyo niliyokuwa nalima nayo kwenu. Sasa nami nimepika pombe, naomba mje kulima kwangu. Ni hayo."

Hotuba nzima ya maisha yake, nami sijawahi kuandika iliyo safi kuliko hiyo.

Yule mwanamke akaweka mikono kifuani. Nadhani aliguswa, kwa muda ule simba anaochukua kukimbia. "Pole sana Chifu wetu. Pole mama. Wapendwa, tumpe Chifu upendo. Gongeni moyo, gongeni moyo, nataka nione mioyo."

Mioyo ikaanza kupanda, myekundu, ya waridi, ya bluu, mamia kwa mamia, ikifunika koti la baba na kiti cha mama. Gonga kioo, moyo unatoka. Haugharimu hata senti.

"Wanasema nini?" mama aliuliza.

Nilisoma. Pole Chifu. Mungu atatenda. Pole. Chifu tumia dawa zenu za huko. Mtu mmoja akaandika: mchawi anaomba nauli, ungo wake umeharibika? Na wengine wakacheka chini yake, mstari baada ya mstari wa nyuso zinazotoa machozi ya kucheka.

"Wanasema pole," nikamjibu.

"Wote?"

"Wote."

"Haya wapendwa," sauti laini ikasema, "Chifu tunakuombea, tunakupenda. Sasa dakika mbili mpambano unaanza, nani leo ananipa simba, kwa kuwa Chifu amepumzika?" Na uso wa baba ukatoweka kwenye kona yake. Hakuna aliyemtoa kwa chuki. Alitolewa kama kinavyosogezwa kiti.

Baba aliendelea kukaa, mgongo umenyooka, akitazama mpambano. Tulingoja kengele. Waliompenda wanaweza kumtumia baadaye, alisema. Watu wana shughuli. Jua likatoka kizingitini, likapanda ukutani. Mama alibaki ameshika punje yake juu ya kopo, vidole viwili, mpaka akalazimika kubadilisha mkono. Mwisho alinyanyuka na ule ungo, akapapasa njia hadi uani, akawamwagia kuku. Walimaliza mbegu ile upesi sana.

Siku ya Mbeya ilifika. Nilichokuwa nacho kilitosha nauli ya kwenda, hakikutosha kulala wala upasuaji, na kila niliyempigia aliniambia nimngoje mwisho wa mwezi. Tulisikia honi ya basi la asubuhi kutoka barabara kuu, kama kila siku. Mama alikuwa anapanga kuni. Alisimama na ukuni mkononi mpaka mlio ulipopotea, kisha akauweka mahali pake.

Wiki zilizofuata tundu la ufunguo likazibika. Alianza kujigonga. Nyumba yetu iliongezwa vyumba alipokuwa tayari anaona vibaya. Hakuwahi kuijua kwa miguu. Aliungua mkono jikoni. Aliangukia kinu kile kile baba alichokuwa anakalia. Baba alikihamisha, na kukihamisha kukamchanganya zaidi. Kengele haikulia tena. Nilijaribu kuifuta aplikesheni, baba akaniomba niiache. Alikuwa anaingia bila kuandika chochote, bila zawadi, anasikiliza tu, sauti ikiwa chini. Hakuna aliyemwita.

Mama ndiye aliyeamua. Nyumba ya wazazi wake iko Milepa, kule bondeni chini ya milima, kwenye joto. Mjomba, mdogo wake, anaishi pale na hajabomoa ukuta hata mmoja.

"Kama ni kupofuka," aliniambia tukikunja kanga zake, "nataka nipofukie mahali miguu yangu inapopajua. Kule najua mpaka jiwe la kuogea."

"Nitakuja nawe."

"Utabaki. Baba yako asiachwe peke yake na lile genge lake."

Mjomba alikuja asubuhi, akachukua begi, akatoka kwenda kushikilia gari kwenye kona. Baba alikuwa mezani, amevaa lile koti. Alikuwa na simu mkononi, akaisukuma juu ya meza kuelekea kwa mama.

"Ichukue," alisema. "Uwe unatusikia."

Mama alifuata mkwaruzo wa simu juu ya mbao, akaigusa, akaigeuza kifudifudi, akairudisha pale pale ilipotoka.

"Umekula?" alimuuliza.

"Bado."

"Ugali uko kwenye sufuria ndogo. Funika, nzi wengi." Akaifunga kanga yake kichwani. "Jifunike na usiku. Baridi haijaisha."

"Haya, mama watoto."

Mama aliuweka mkono ukutani. Alihesabu kwa kiganja: meza, kiti, kabati, msumari wa kalenda. Nilinyanyuka kumshika, akasikia kiti changu, akatikisa kichwa. Mlango wetu umevimba tangu mvua ya kwanza kuupiga. Lazima uuinue kidogo kwa kitasa ndipo ufunge. Baba amekuwa akiusukuma kwa bega miaka yote, mimi naupiga teke. Mama alikipata kitasa mara ya kwanza, akatoka, akakiinua taratibu kutoka upande wa nje, na mlango ukafunga bila kelele.